Sista na Kliniki ya Sungura

Kwa miaka thelathini na moja Sista alipokea watoto wa watu wodini, na kwa miaka hiyo yote hakuna mama aliyesikia neno la upole kutoka kwake kabla mtoto hajatoka. Akishatoka, ndipo Sista alipogeuka kuwa mtu. Wanawake wa mtaa wetu wanamkumbuka hivyo, mikono myepesi na mdomo unaogonga kama nyundo. Ukipiga kelele anakuuliza kama siku ile ya kwanza ulipiga kelele hizohizo. Ukisema unakufa anakujibu, "Subiri, fomu yako haijajazwa." Halafu mtoto akilia, anakufuta jasho kwa kiganja chake mwenyewe, anakuita mwanangu, na wewe unasahau matusi yote mpaka mimba ya pili.

Mumewe tulimwita Mwalimu, maana alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na alikuwa mtu wa haya. Si haya za kawaida. Kuhusu mwanamke mwenye mimba alisema "yuko katika hali." Chupi zikiwa kwenye kamba, alizunguka nyumba nzima asipite karibu nazo, hata kama ni zake. Watu waliposhangaa mtu kama yule alivyomwoa mwanamke kama huyu, Sista aliwajibu mwenyewe: "Nilimwoa mimi. Yeye alisimama tu."

Walistaafu mwaka uleule wote wawili. Mwalimu alikaa nyumbani miezi miwili akisahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Mwezi wa tatu akaanza kumsahihisha mkewe, na Sista akamwambia atafute kitu kingine chenye pumzi cha kuhangaika nacho. Ndipo akaleta sungura, majike wanane na madume wawili. Aliwajengea banda nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, vizimba vya waya safu mbili, kila kimoja na chupa yake ya maji na bakuli zito lisilopinduka. Vilinyooka kama mistari ya daftari. Dume mkubwa, mweupe, mwenye shingo nene, tulimpa jina la Mwenyekiti kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa.

Miezi mitano ikapita. Sungura, ambaye watu humfanyia mzaha kwa uzazi, kwa Mwalimu alikuwa mtawa. Jike mmoja tu alizaa, vitoto vitatu, na viwili vikafa. Wengine walikula, wakanenepa, wakatazamana.

Asubuhi moja Sista alikwenda bandani kutafuta beseni lake akakuta kizimba kimoja kimefunikwa pazia. Lilikuwa pazia la chumba cha wageni, lile la maua.

"Hii nini?"

"Nimewapa faragha," Mwalimu akasema.

"Nani?"

"Hao. Hawawezi... kutembeleana, wakati mtu amewakodolea macho."

Sista akalifunua. Ndani, Bi Mkubwa, jike wa kijivu wa kilo nne na nusu, alikuwa amembana Mwenyekiti kwenye kona. Sikio la Mwenyekiti lilikuwa linavuja damu, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba arudishwe kwao.

"Wewe ndiye umemleta dume huku kwa jike?"

"Ndivyo inavyokuwa. Bwana harusi ndiye humfuata bibi harusi."

"Bwana harusi gani? Huyu ni mvamizi. Hapa ni chumbani kwa Bi Mkubwa. Unamwingizia mwanamume bila hodi, halafu unataka amkaribishe chai?" Akamtoa Mwenyekiti, akamrudisha kwake. Kisha akambeba Bi Mkubwa, mkono mmoja shingoni na mwingine chini ya makalio, akamlaza chali, akamchungulia kama alivyowachungulia wanawake wa nusu ya wilaya. "Na huku chini pamepauka kama karatasi. Mimi sungura siwajui, lakini kitu kinachotaka kazi hakiwi na rangi hii. Njoo uone."

Mwalimu alikuwa ameshageukia tangi la maji, anasoma maandishi ya kiwanda.

Mchana huohuo Sista akamwita daktari wa mifugo. Alikuwa dada mmoja mrefu, mwenye viatu vya mpira na pikipiki iliyosikika kabla hajakata kona, na tabia ya kucheka kabla hajamaliza sentensi. Aliwapima sungura wote, akaweka kiganja chake kwenye bati la paa, akakitoa haraka.

"Mmewapika. Dume akishikwa na joto kama hili, mbegu zinaharibika, na zinachukua wiki nyingi kurudi. Mwenyekiti hana kosa."

"Wote husema hivyo," Sista akajibu.

Daktari akacheka, kisha akaeleza. Sungura jike hafuati kalenda. Mayai yake yanakaa tayari tumboni, lakini hayashuki mpaka dume apande. Kule kupandwa ndiko kunakoushtua ubongo utoe homoni, na homoni ndiyo inayoyaangusha mayai.

Sista akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Rudia hapo."

Daktari akarudia.

"Yaani mwili wake hautoi kitu mpaka ushuhudie kazi?"

"Ndiyo hivyo."

"Miaka thelathini na moja nawafundisha wasichana kuhesabu siku za hatari," Sista akasema polepole. "Kumbe kuna mwenzetu yuko bandani, jambo hili alishalimaliza zamani."

Mpango wa Daktari ulikuwa hivi. Kila jike angechomwa sindano ndogo, uniti ishirini tu, ya kukomaza mayai na kumtia hamu. Baada ya siku mbili angepandikizwa kwa mrija mbegu za dume wa kituo cha mifugo, dume anayelala kwenye ubaridi na kulishwa vizuri. Na kwa kuwa mrija haumshtui jike ubongo, angechomwa papo hapo sindano ya pili, ifanye kazi ambayo dume angeifanya kwa kupanda.

"Lakini hii ya kwanza nisikilizeni," Daktari akasema, na safari hii hakucheka. "Imetoka kwenye damu ya farasi mwenye mimba. Ukiirudia ovyo, mwili wa sungura unaitambua, unaipiga vita, na siku moja utakuta unachoma maji. Ukizidisha, mayai yanakuwa mengi kuliko tumbo. Mimi ndiye nitasema lini na kiasi gani."

Siku ya kupandikiza, Mwalimu alipewa kazi ya kuwashika. Aliwashika, uso wake ukiwa umeelekea mawinguni, akinong'ona jedwali la kumi na saba. Kumi na saba mara nne, sitini na nane. Kumi na saba mara tano, themanini na tano.

"Mwalimu, shika mgongo, siyo masikio," Sista akamwambia. "Na usitetemeke. Hakuna anayekuchoma wewe."

Siku ya kumi na nne Sista akawapapasa matumbo, macho amefumba. Kwa vidole vyake aliona vitu vya mviringo vimejipanga kama zabibu. "Saba wamenasa kati ya wanane," akasema. Wakawawekea masanduku ya kuzalia yenye nyasi kavu, na majike wakaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani wakitandika. Asubuhi mbili za kufuatana, vitoto vikawa hapo, vyekundu, vipofu, kila kimoja urefu wa kidole. Sitini na kimoja. Sista alivaa aproni yake ya zamani ya wodini akapita sanduku kwa sanduku, akihesabu, akihamisha vitoto kutoka kwa mama mwenye kumi na wawili kwenda kwa mwenye watano. "Hapa hakuna wa kwako na wa kwangu, nyonyesheni," alikuwa anawaambia. Tuliokuwa barabarani tulimsikia anacheka. Tangu astaafu hatukuwa tumekisikia kicheko kile.

Habari ya sungura sitini na mmoja haikai uani. Baada ya wiki mbili seremala alileta majike wake wawili kwenye kapu. Mama wa duka akaleta watano. Daktari, aliyekuwa na eneo kubwa na pikipiki moja, akaona afadhali: dawa zitoke kwenye kasha lake, aandike yeye nani apewe nini, na mkono wa kuchoma uwe wa Sista, kila Jumamosi, yeye mwenyewe akiwepo. Ndivyo ilivyoanza kliniki ya sungura.

Usidhani natania nikisema kliniki. Sista alikata maboksi akatengeneza kadi. Kila jike alikuwa na yake: uzito, uzao wa ngapi, tarehe ya sindano, tarehe ya matazamio ya kuzaa. Ukija bila kadi unarudishwa. Ukichelewa unakaa mwisho wa benchi na kapu lako magotini, unasikiliza wenzako wakisemwa.

"Huyu amezaa lini?" alimuuliza seremala Jumamosi moja.

"Alhamisi."

"Alhamisi hii iliyopita? Na leo umemleta tena? Wewe ungekuwa yeye ungekubali?"

"Sista, huyo ni sungura."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Yeye hana mdomo." Akaandika kwenye kadi: *Arudi baada ya wiki mbili. Mume asumbuliwe na kazi nyingine.* Seremala aliikunja ile kadi haraka lakini mama wa duka alikuwa ameshaisoma, na mama wa duka akisoma kitu ni sawa na kukitundika sokoni.

Kisha akaja mchinjaji. Hakuja Jumamosi. Alikuja Jumanne mchana, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, na hakuwa na sungura.

"Nimekuja kwa ajili ya rafiki yangu," akasema.

"Karibu. Rafiki yako ana kilo ngapi?"

"Kama... tisini hivi."

"Sungura mkubwa sana huyo."

"Sista, bwana. Unanielewa."

"Nakuelewa. Ila dawa hii, rafiki yako aifahamu vizuri kabla hajavua suruali. Imetengenezwa ili mayai yakomae. Rafiki yako ana mayai?"

Mchinjaji akasema hana.

"Na ilikotoka ni kwa farasi jike mwenye mimba. Sasa nikimchoma, asubuhi moja akaamka ana matiti na hamu ya majani, nitamwandikia kadi, atakaa kwenye benchi na wenzake. Hilo litamfaa?"

Mchinjaji akasimama. Sista akamwambia akae, akamtolea kile kipimo chake cha zamani cha presha, akamfunga mkononi, na mashine ikapanda mpaka Sista akaacha mzaha. "Rafiki yako aende hospitali kesho asubuhi," akasema. "Shida yake haiko kule anakodhani. Na apunguze kulamba chumvi ya buchani." Mchinjaji alikwenda. Mambo ya rafiki yake yaliishaje sijui, lakini kwa miezi mingi ukimtaja Sista buchani kwake alikukatia nyama bila mfupa.

Wakati huo wote, mtu aliyebadilika zaidi alikuwa Mwalimu. Haya zake hazikutoka, ila zilipata mpinzani, na mpinzani huyo alikuwa hesabu. Alitundika ubao bandani akachora grafu. Mstari wa chini uliandikwa miezi, wa kusimama uliandikwa *walio katika hali*. Alianza kusema majike wanane wakizaa tisa mara saba kwa mwaka, na majike wao nao wakizaa, baada ya miaka mitatu banda litahitaji kufika barabarani. Hata Mwenyekiti alimfurahisha. Kivuli kilikuwa kimewekwa juu ya paa, joto limepungua, na Mwenyekiti alikuwa amerudi kazini kwa bidii ya mtu aliyesimamishwa akarudishwa. Siku hizi majike walipelekwa kwake. Sindano ya kwanza walipata kwa uangalizi, kisha wakapelekwa kwa Mwenyekiti, na shughuli yake ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Halafu dada yake Sista akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Sista akafunga begi, akaenda kumuuguza kwa wiki sita. Kliniki ikafungwa. Alimwachia Mwalimu maagizo: maji, nyasi, usafi, basi. Kwenye friji, nyuma ya siagi, kulikuwa na chupa ya ile dawa ya farasi ambayo Daktari alisema ataipitia.

Mwalimu akaitazama ile chupa kila alipochukua siagi.

Wiki ya kwanza haijaisha, akaitoa. Majike wote wanane walikuwa wameshapata dawa hiyo mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa karibu mno. Mwalimu akawachoma tena, mwenyewe, uniti arobaini kila mmoja. Baada ya siku mbili akawapitisha kwa Mwenyekiti. Kila jioni mkewe alipopiga simu alimwambia, "Mambo ni mazuri. Utafurahi ukija."

Sista alirudi saa sita mchana, siku ya kuzaa. Alimkuta mumewe bandani, amekaa kwenye ndoo, sinia mapajani. Kwenye sinia, juu ya gazeti, kulikuwa na vitoto vilivyokufa, vingine vidogo kama harage. Jike mmoja alikuwa amezaa kumi na tisa, na kumi na wanne walitoka hawana uhai. Majike watatu hawakuwa na kitu tumboni kabisa. Kwao dawa ilikuwa imegeuka maji, kama walivyoonywa. Na Bi Mkubwa alikuwa amelala ubavu, anasukuma tangu alfajiri.

Sista aliweka begi kwenye vumbi, akanawa mpaka kwenye viwiko, akapaka mafuta kidole kidogo, akapiga magoti. Akatoa vitoto viwili, vimekufa, vimekaa vibaya, kimoja kimemzibia mwenzake njia. Daktari alifika na pikipiki yake akachoma sindano ya kusaidia uchungu, kisha nyingine. Wale wanawake wawili walipokezana vitu. Kama saa kumi hivi Bi Mkubwa akaacha kusukuma. Kichwa chake kilikuwa kwenye goti la Sista. Sista akaendelea kumsugua tumbo kwa muda, mpaka Daktari akamshika mkono.

Yaliyofuata bandani aliyasimulia Sista mwenyewe, maana yeye huwa hana siri hata zile anazopaswa kuwa nazo. Daktari alikuwa nje, kwenye bomba, ananawa, naye anasema alisikia, na kwamba alinawa muda mrefu kuliko alivyohitaji.

"Ulimpa kiasi gani?" Sista akauliza.

"Mara mbili."

"Kwa nini?"

"Kipimo kimoja kilitoa tisa. Nikadhani..."

"Ukadhani viwili vitatoa kumi na nane."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi."

"Walitoka kumi na tisa. Umepita kwa alama moja. Hongera."

Sista akamfunika Bi Mkubwa kwa aproni, akabaki palepale chini.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo wakubwa wa mtaa walilijua na wadogo hawakuwahi kuuliza. Sista na Mwalimu hawakupata mtoto. Watoto wa kaka na dada walijaa nyumbani mle, wakasomeshwa, wakaolewa wakitokea pale, kwa hiyo haikuonekana. Lakini miaka ya mwanzo, mama yake Mwalimu alikuwa anakuja kila mwezi kutazama tumbo la mkwewe kama mtu anayekagua mahindi. Sista, wakati huo nesi mpya, alichomwa sindano za uzazi hospitali ileile alikofanya kazi, na wenzake aliokula nao chakula cha mchana. Alibeba mimba mara mbili, na zote mbili hazikuvuka mwezi wa nne. Siku moja akafika kwenye dirisha la dawa, akaitoa kadi yake, akairudisha mkobani, akaenda zamu. Hakuchomwa tena.

"Unajua mimi nilichomwa sindano ngapi?" akamuuliza mumewe.

"Miaka mitatu."

"Sijauliza miaka."

Mwalimu akajaribu kupiga hesabu. Sista anasema midomo yake ilianza kucheza kama kwenye jedwali, kisha ikaacha.

"Umehesabu kila kitu duniani, hizo hukuzihesabu. Ulikuwa unanisindikiza mpaka getini, unafungua gazeti. Nikitoka unaniuliza, 'Tayari?' Kama mtu aliyepeleka viatu kwa fundi."

"Sikujua niseme nini."

"Ungeuliza kama inauma."

Mwenyekiti alikuwa anagonga sakafu ya kizimba kwa mguu, kama wafanyavyo wakinusa hatari.

"Ilikuwa inauma?" Mwalimu akauliza.

"Sana. Makalio yaliuma, matiti yaliuma, tumbo linajaa kama limepulizwa. Siku moja nililia kwa sababu chumvi ilizidi kwenye mboga, na aliyeitia ni mimi. Na mama yako, Mungu amrehemu, ananiambia nilale miguu ukutani. Nikalala miguu ukutani, Mwalimu! Mkunga mwenye cheti!"

Alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Mwalimu aliweka sinia chini, akatoka kwenye ndoo akakaa kwenye vumbi karibu naye, suruali yake iliyopigwa pasi na yote.

"Ile mimba ya pili," akasema, na hilo neno hakuwahi kulitamka maishani mwake, "nilikuwa nimeshaichagulia jina."

Sista akageuka. "Hukuniambia."

"Ulirudi kazini kesho yake. Nikaona hutaki."

"Nilirudi kazini kwa sababu nyumbani kulikuwa na mama yako."

Akamuuliza hilo jina lilikuwa nani. Mwalimu akamwambia. Sista ametusimulia mengi ya siku hiyo, hata namna suruali ya Mwalimu ilivyochafuka, lakini jina hajalitaja kwa mtu, na mama wa duka amejaribu.

"Basi tulikuwa wajinga wawili," Sista akasema mwishoni. "Leta jembe."

Wakamzika Bi Mkubwa nyuma ya tangi pamoja na vile vitoto. Daktari akachimba, maana magoti ya Sista yalikuwa yamekufa ganzi na Mwalimu hakuona vizuri.

Mtu mwingine angenyamaza, akafungua kliniki Jumamosi kama hakuna kilichotokea. Sista alimsimamisha Mwalimu mbele ya benchi lililojaa watu na makapu. Mwalimu akavuta ubao, akachora upya grafu, safari hii mstari ukipanda, ukifika mahali, ukianguka kama mtu aliyekosa ngazi. Akaeleza: kipimo kikizidi, mayai yanazidi, watoto wanabanana, wanakufa. Dawa ikirudiwa, mwili unaizoea na kuikataa. Akasema mimba. Akasema uke, na kwamba ukiwa mwekundu jike yuko tayari, ukipauka mwache. Seremala alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Mwalimu alikuwa anatoka jasho kama amebeba gunia, lakini hakuruka kipengele, na mwisho akasema, "Nilionywa, nikafanya. Jike wangu bora amekufa." Akafuta ubao.

Daktari naye akatoa mambo mengine aliyokuwa anajaribu kuwaambia tangu mwanzo, wakati watu wanasikia neno sindano tu. Kwa jike anayenyonyesha, funga sanduku la watoto siku moja asiwanyonyeshe, fungua asubuhi inayofuata wanyonye, kisha mpeleke kwa dume; kule kutengana kwenyewe kunauamsha mwili wake. Mwongezee chakula siku chache kabla. Washa taa bandani, mwanga ufike saa kumi na sita kwa siku. Tandika magunia mabichi kwenye paa wakati wa joto. Sindano abaki nayo jike anayekataa dume kabisa, na iandikwe kwenye kadi kwa wino mwekundu.

Watu walinung'unika. Sindano ni kitu unachokiona kinaingia. Taa na subira hutaki hata kumsimulia jirani. Wawili wakaacha kuja, wakatafuta mtu mwingine wa kuwachomea, na mmoja wao alirudi baada ya miezi mitatu na kapu la majike wasioshika mimba wala hamu. Sista akampeleka mwisho wa benchi. Alimhudumia, ila alimwacha akae mpaka saa nane.

Banda la Mwalimu sasa lina majike ishirini. Wanazaa saba, wanane, mara nyingine sita, na grafu yake haijawahi kufika barabarani. Kati ya hao ishirini, mwaka jana wanne tu walichomwa. Daktari alihamishiwa wilaya nyingine, akaletwa kijana mmoja anayevaa glavu hata kusalimia. Wiki ya kwanza aliuliza kadi zile za maboksi ni za nini. Hajauliza tena.

Vidole vya Sista vimeanza kukakamaa, na matumbo ya sungura hataki kuyapapasa asije akabonyeza vibaya. Kazi hiyo ameifundisha kwa Mwalimu, kwa miezi mingi na matusi mengi. Nilikuwa pale Jumamosi iliyopita na kapu langu. Mwalimu alimshika jike wangu mgongo, akapitisha mkono chini ya tumbo, akafumba macho. Sista alikaa mezani na kalamu.

"Wangapi?"

"Saba. Labda wanane."

"Wangapi?"

Mwalimu akapapasa tena, taratibu. "Saba."

Sista akaandika sita, akanirudishia kadi. "Mwanamume huongeza," akaniambia. "Anayefuata!"